Mkokoteni mteremkoni: Elimu isiyofunzwa darasani

KAMA umewahi kusimama kivukoni Likoni asubuhi, upande wa kisiwani, bila shaka umewahi kumwona mtu huyu. Feri imefika, ulimi wake wa chuma umelalia saruji, na umati umeanza kuteremka mbio, kila mmoja akitaka kuwahi mahali pazuri. Lakini kule juu, mteremko unapoanzia, kuna mkokoteni uliosimama. Umesheheni magunia. Mwenyewe yuko katikati ya mikono miwili ya mbao, ameuinua upau kidogo, anatazama chini. Hasogei. Walio nyuma yake wanamsonya. "Songa bwana, feri itatuacha!"

Nami, mpenzi msomaji, nimewahi kuwa miongoni mwa waliomsonya mtu huyo. Nilidhani anapumzika, au amezubaa, au anafanya ukaidi kwa sababu tu ana chombo kikubwa kuliko miguu yetu. Haya yote niliyadhani hadi asubuhi moja nilipoushika mkokoteni kwa mikono yangu mwenyewe, nikafundishwa kuuteremsha na kuukatisha kona. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba mtu yule wa Likoni hakuwa akipumzika hata kidogo. Alikuwa katika sehemu ngumu kuliko zote za kazi yake.

Kisiwa kisicho na milima

Mombasa si mji wa milima. Mgeni kutoka Taita au Murang'a hucheka akimsikia mtu wa kisiwani akilalamikia kilima. Lakini muulize mtu aliyekamata mzigo wa kilo 400. Kwake yeye, hata pale wewe na mimi tunapopaona tambarare pana mwinamo, na anaujua mwinamo huo kama anavyoijua njia ya kwenda kwake.

Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na taabu iko kwenye ukingo wa mwamba huo. Juu kuna nyumba na barabara, chini kuna maji. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, imesimama juu ya mwamba huo huo. Ukitoka Ndia Kuu ukashuka kuelekea Bandari ya Kale, magoti yako yatakueleza habari yote. Hapo karibu iko nyumba ya Leven na ngazi zake ziteremkazo baharini, ambako mkokoteni hauthubutu kwenda kabisa. Kuna mtaa wa Bondeni, ambao jina lake linajieleza lenyewe. Kuna Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980, na kule kusini kuna kivuko.

Isitoshe, njia za Mji wa Kale zilikuwapo kabla ya gari kufika mjini. Zilikusudiwa mtu kwa miguu yake, punda na mzigo wa kichwani. Kona zake ni kali, kuta zimekaribiana, na mbele ya milango ya nakshi kuna baraza ambazo wazee huketi kunywa kahawa. Mkokoteni unaopita hapo hauna nafasi ya kukosea.

Wakubwa wa zamani walikuwa na dawa yao. Mwaka wa 1890 ile kampuni ya Waingereza iliyoitwa IBEA ilianza kutandaza reli nyembamba kuelekea bara. Reli hiyo haikufika mbali. Iliishia baada ya maili chache tu. Vyuma vyake baadaye vilitandazwa mjini Mombasa kwa ajili ya vigari vya abiria vilivyosukumwa kwa mikono kutoka mji wa kale hadi Kilindini. Bwana mkubwa aliketi kwenye kiti chini ya kipaa cha turubai, na wasukumaji wakakimbia nyuma yake juani. Walipofika mteremkoni walikidandia kigari na kuteremka nacho. Vigari hivyo vilidumu hadi miaka ya 1920, magari ya moto yalipovitimua.

Nataka uangalie jambo moja hapo. Katika vigari vile, kona ilikatwa na reli. Msukumaji alitoa nguvu tu. Mkokoteni wetu wa leo hauna reli, hauna usukani, wala hauna injini ya kuuzuia. Reli yake, usukani wake na injini yake ni mtu mmoja mwenye viatu vilivyokatwa kutoka mpira wa gari.

Kuinua ni kuzuia

Chombo chenyewe ni rahisi kueleza. Ni jukwaa la mbao au vyuma lililokaa juu ya ekseli moja na magurudumu mawili, mara nyingi yaliyotoka kwenye gari kuukuu. Mbele kuna mikono miwili iliyounganishwa kwa upau. Nyuma, chini ya mkia, mikokoteni mingi imepigiliwa kipande cha tairi. Kipande hicho ndicho breki. Mwenye mkokoteni akiuinua upau, mkia hushuka, mpira ukasugua barabara na mwendo ukapungua. Akiushusha upau, mkia hupanda na breki ikaachia.

Tafadhali soma tena sentensi hizo mbili, kwa sababu humo ndimo ilimo siri yote ya mteremko. Kuinua ni kuzuia. Kushusha ni kuachilia.

Sasa tuuangalie mzigo. Chukua mkokoteni wa maji, ambao kila mkazi wa kisiwani anaujua, maana mifereji yetu ina tabia ya kukauka bila ya taarifa. Mitungi 20 ya lita 20 ni lita 400, na kila lita ni kilo moja. Kwenye mwinamo unaoshuka mita moja kwa kila mita 10, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito huo humsukuma mtu mgongoni, yaani kilo 40. Mwinamo ukiwa mkali maradufu, mita moja kwa kila mita tano, kilo hizo huwa karibu 80. Ni kama kwamba mtu mzima mwenye siha yake amekuegemea mgongoni, naye hataki kukubandukia mpaka ufike chini. Na hapo hatujaupima mkokoteni wenyewe.

Mzigo nao hupangwa kwa akili. Barabara ikiwa sawa, hupangwa ili uzito uegemee mbele kidogo tu ya ekseli, upau usiwe mzito mkononi wala usitake kuruka juu. Mkokoteni ukielekea chini, uzito wote husogea mbele, na upau ukawa mzito ghafla. Ukielekea juu, uzito hurudi nyuma, na upau ukataka kumwinua mtu hewani miguu ikining'inia. Kwa hivyo aliyezoea kazi, kabla ya kushuka, huusukuma mzigo nyuma kiasi. Kabla ya kupanda, huuvuta mbele. Mitungi iliyojaa hadi mdomoni ni afadhali kuliko iliyojaa nusu, kwa sababu maji yaliyo nusu huyumba, na yakiyumba kwenye kona huuvuta mkokoteni upande usioutaka.

Asubuhi ya kwanza

Aliyenifundisha ni mzee mmoja ambaye amekokota kati ya soko la Mackinnon, ambalo wengi wetu twaliita Marikiti, na Mji wa Kale kwa miaka mingi. Nilipomweleza nia yangu alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanitazama mikono. "Mikono ya kalamu hii, mwanangu," akasema. Nilimwambia kwamba najua, mzee wangu, na ndiyo sababu nimekuja mapema kabla ya watu kuamka.

Alinianzisha na mkokoteni mtupu mahali palipo sawa. Nilidhani ananidharau. Kumbe mkokoteni mtupu una mafunzo yake. Ukitaka kwenda kushoto, hausukumi upau kushoto kwa mikono kama mtu afunguaye mlango. Unatembea wewe mwenyewe, kiuno na miguu, ukauzungusha upau, huku gurudumu la ndani likikaa karibu palepale na la nje likizunguka. Tena kuna mkia. Upau ukienda kushoto, mkia huenda kulia. Mara tatu nilifurahi kwamba nimekata kona vizuri, na mara tatu mkia uliniumbua kwa kugonga kitu nilichokwisha kukipita. Ukipita Mji wa Kale utaona kuta nyingi zilizochubuka kiasi cha usawa wa goti. Usifikiri ni mvua peke yake.

Baada ya hapo tulitia mitungi 10 ya maji. Mzee alikataa katakata kunipa mzigo wa mteja. Alisema maji yakimwagika hukauka, lakini vitunguu vya watu vikimwagika huokotwa na macho ya mwenyewe. Tulikwenda kwanza kwenye mwinamo mdogo ambao sikuwa nimewahi kuutambua kwamba ni mwinamo. Nikashuka, nikainua, mpira ukasugua, mkokoteni ukasimama. Tukarudia mara nyingi hadi nikaanza kujiona fundi.

Hapo ndipo tulipoelekea kwenye njia inayoshuka Bandari ya Kale.

Mwili ulivyonisaliti

Juu ya mteremko ule mzee alinisimamisha. Kijana mmoja, ambaye naye ni mwanafunzi wake, alishika kamba iliyofungwa mkiani. Mzee aliniambia niitazame njia yote mpaka kwenye kona, nimwambie nitaanzia wapi kupunguza mwendo, nitaingilia upande gani, na mkia wangu utapita wapi. Nilijibu upesi upesi, kama mtoto anayetaka kutoka darasani. Kisha nikashuka.

Hatua tatu za mwanzo zilikuwa sawa. Katika ya nne nilihisi uzito ukinigusa mgongoni. Katika ya tano haukuwa ukinigusa tena, ulikuwa ukinisukuma. Na hapo, mpenzi msomaji, nilifanya jambo ambalo kila mwili wa binadamu ungelifanya. Niliogopa, nikarudi nyuma. Nilikita visigino, nikachuchumaa, nikauning'inia ule upau kwa uzito wangu wote kama mtu anayemzuia ng'ombe asikimbie.

Bila shaka umekwisha kutambua nilichokifanya. Kuuning'inia upau ni kuushusha. Kuushusha ni kuachilia breki. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyouning'inia, na kadiri nilivyouning'inia ndivyo mkokoteni ulivyozidi kunikimbiza. Nilimsikia mzee akipiga kelele, "Inua! Inuka, mwanangu, usikae!" Nilimsikia lakini mikono haikusikia. Kona ilikuja. Nikauvuta upau kwa nguvu upande wa kushoto, mwendo ukiwa tayari umenishinda, na gurudumu moja likaachana na ardhi.

Kilichoniokoa ni ile kamba. Kijana wa nyuma aliizungusha kiunoni akajilaza nayo, mkokoteni ukarudi kwenye magurudumu yake mawili, na mitungi minne ikaanguka ikabingirika hadi kwenye baraza la watu. Hakuna aliyeumia. Bibi mmoja alifungua dirisha, akatazama maji yakipita mlangoni pake, akasema kwamba leo angalau tumeletewa bure.

Mzee hakunikaripia. Aliniketisha barazani akanieleza makosa mawili, na sijayasahau. La kwanza, mteremko haukaliwi, husimamiwa. Ukisikia mzigo unakuja, usiukimbie wala usiuchuchumalie; nyosha mgongo, inua kifua, simama wima ndani ya mikono, na upau utapanda wenyewe pamoja nawe. Mwili utakwambia ukae, nawe uukatae. La pili, kona haikatwi konani. Kona hukatwa juu, kabla hujaanza kushuka. Ukifika konani na mwendo, umekwisha kuchelewa, hata uwe na nguvu za Samson.

Hili la pili lina hesabu yake, ambayo mzee aliijua kwa mifupa yake na mimi niliisoma shuleni nikaisahau. Mwendo ukizidi maradufu, nguvu inayouvuta mzigo nje ya kona haizidi mara mbili, bali mara nne. Ukizidi mara tatu, nguvu hiyo huwa mara tisa. Ndiyo sababu mkokoteni uliokata kona salama kwa mwendo wa kutembea unaweza kupinduka kwenye kona hiyo hiyo kwa mwendo wa mbio ndogo tu. Na mzigo ukipangwa kwenda juu sana, hupinduka mapema zaidi.

Tulirudi juu. Safari hii niliitazama njia kweli. Niliingia mteremko nikiwa tayari nimeinua, mpira ukilia tangu hatua ya kwanza. Uzito uliponigusa nikasimama wima. Sitasema sikuogopa. Niliogopa, ila safari hii niliogopa nikiwa nimesimama. Kabla ya kona mkokoteni ulikuwa karibu kutulia kabisa. Nikashusha upau kiasi cha vidole viwili ili breki iachie, nikapiga hatua nje na mbele, nikazunguka na kiuno, gurudumu la ndani likakaa, mkia ukapita bila kugusa ukuta. Nikainua tena. Ukasimama.

Haikupata hata dakika moja, lakini jasho lilinitoka kana kwamba nimetembea kutoka Mtwapa.

Mtoto wa Kilifi na theluji

Usiku ule, mikono ikiniwaka moto, nilimkumbuka binti mmoja mzaliwa wa pwani hii hii. Anaitwa Sabrina Simader. Alizaliwa Kilifi mwaka wa 1998, na alipokuwa na umri wa miaka mitatu alihamia Austria. Huko baba yake wa kambo alimfundisha kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Mwaka wa 2018 alikwenda Pyeongchang, Korea Kusini, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za majira ya baridi. Mashindano yake yalikuwa ya kuteremka mlima kwa kasi huku akikata kona baada ya kona.

Kabla yake tulikuwa na Philip Boit, aliyeshindana mbio za theluji katika Olimpiki za Nagano, Japani, mwaka huo huo wa 1998. Katika michezo hiyo ya Nagano ndipo ulipoingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza mchezo wa kuteremka theluji kwa ubao mmoja. Mchezaji hufungwa miguu yote miwili juu ya ubao, akasimama ubavu, akateremka.

Wanaoufundisha mchezo huo wa ubao wana somo moja ambalo humshinda karibu kila mwanafunzi anapohama kutoka mwinamo mdogo kwenda kwenye mlima mkali. Kwenye mwinamo mdogo alikata kona vizuri. Akiuona mlima mkali, huogopa, akaegemea nyuma, kuelekea mlimani, uzito wote kwenye mguu wa nyuma. Anadhani anajizuia. Kumbe pua ya ubao inakuwa nyepesi, haiumi theluji, haigeuki, na ubao unamchukua moja kwa moja chini. Dawa yake ni kufanya lile ambalo mwili unalikataa: kuupeleka uzito kwenye mguu wa mbele, kule kule bondeni anakokuogopa. Hapo pua huuma na ubao hugeuka. Aidha hufundishwa aimalize kila kona kikamilifu, ubao ulale kukingama mlima na mwendo ufe, ndipo aanze kona nyingine. Anayeanza kona ya pili na mwendo wa kona ya kwanza, ya tatu haifiki.

Je, si maneno ya mzee wa Marikiti hayo? Yeye hajaiona theluji isipokuwa ile ya jokofu.

Hata hivyo sitaki kukuzuga kwamba mkokoteni ni mchezo. Anayeanguka kwenye theluji hupangusa nguo, akapanda tena. Anayeangusha mkokoteni hapa kwetu huangusha ugali wa nyumbani.

Hasara ni ya nani?

Yule kijana aliyeniokoa kwa kamba ana umri wa miaka 20 hivi. Alinieleza mambo yake tulipokuwa tukikusanya mitungi. Kama wenzake wengi, mkokoteni si wake. Huukodi kwa siku, na kodi hulipwa upatikane mzigo au usipatikane. Wiki yake ya kwanza alipindua tenga za nyanya konani, kwa kosa lile lile langu. Hakuwa na mtu wa kumshikia kamba. Mwenye nyanya alitaka fedha zake, na kwa siku kadhaa kijana huyo alikokota mizigo ya kulipia nyanya ambazo hakuzila. Alinionyesha kovu refu kwenye muundi wake. Akasema kovu halikumuuma kama zile nyanya.

Ndipo nilipomwuliza kwa nini basi asikae mahali pa tambarare. Alinijibu kwamba mizigo ya tambarare hugombaniwa na kila mtu. Mteremko ndio humwachia riziki anayeuweza.

Na mteremko hauchagui. Si mkokoteni peke yake unaoshindwa nao. Tarehe 29 Septemba mwaka wa 2019, gari dogo lilirudi kinyumenyume likatoka ndani ya feri katikati ya kivuko cha Likoni na kuzama. Mama na mtoto wake walifariki. Tangu siku hiyo wengi wetu hatuutazami tena ule ulimi wa chuma kama tulivyouzoea. Kwa mtu wa mkokoteni, sehemu ile ni mtihani wa kila siku. Wakati wa bamvua, maji kujaa na maji kupwa hupishana kwa zaidi ya mita tatu. Kwa hivyo mteremko alioshuka asubuhi sio atakaoukuta alasiri. Maji yakitoka, feri hukaa chini zaidi, na saruji iliyofunuliwa huwa na utelezi ambao mpira wa breki hauwezi kuuma. Ndiyo maana husimama juu kwanza, akatazama.

Wewe na mimi je?

Hatukuumbiwa sote kukokota mkokoteni, lakini sote twatumia barabara pamoja nao. Yako mambo machache ambayo kila jamaa yaweza kuyashika na kuwafunza watoto.

Ukiuona mkokoteni unateremka, usipite mbele yake, hata ukionekana uko mbali. Gari lina breki ya mguu. Ule una mgongo wa mtu. Usisimame upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko mzigo utakakoangukia. Wala usijibane kati ya mkia na ukuta katika vichochoro vya Mji wa Kale, maana mkia huja upande ulio kinyume na upau. Watoto wasidandie mkia kwa mchezo. Mtoto mmoja akining'inia nyuma hubadilisha mizani yote, na mwenye mkokoteni huenda asijue kwa nini upau umemruka mikononi. Nawe dereva, usimpigie honi mtu aliye mteremkoni. Hawezi kukupisha, na akishtuka akachuchumaa, sasa unajua litakalofuata.

Ukiwa wewe ndiye mwenye mzigo, usimwambie aongeze magunia mawili juu ili ulipe safari moja badala ya mbili. Magunia hayo mawili ya juu ndiyo hupindua yale ya chini. Mvua ikinyesha, mpe muda. Na akisema kuna haja ya mtu wa pili wa kushika kamba nyuma, usione kwamba anakutafutia gharama. Mimi niko hapa nikikuandikia kwa sababu ya mtu wa pili.

Kuna jambo la mwisho ambalo nilirudi nalo nyumbani, nalo si la barabarani tu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, nasi huyasema maneno hayo kwa watoto kana kwamba upole ni kutofanya kitu. Mzee yule wa Marikiti hendi pole kwa kuwa hana haraka. Anayo haraka, ana kodi ya kulipa na wajukuu wanaomngoja. Huenda pole pale juu ili aweze kwenda salama huku chini. Mambo mengi majumbani mwetu huharibika kwa sababu tulitaka kuyageuza tukiwa tayari konani: deni likiwa limekwisha kukua, mtoto akiwa amekwisha kuacha shule, maneno yakiwa yamekwisha kutoka mdomoni.

Juma lililopita nilikuwa tena kivukoni Likoni. Maji yalikuwa yametoka, na mteremko ulikuwa mrefu. Mbele yangu palikuwa na mkokoteni wa viazi uliosimama pale juu, mwenyewe akitazama chini. Nyuma yangu mtu alianza kusonya.

Niligeuka nikamwambia, "Ngoja kidogo, ndugu yangu. Anakata kona."

Akanitazama kama mtu asiye na akili timamu, maana mbele yetu hapakuwa na kona yoyote. Punde yule wa viazi akanyosha mgongo, akauinua upau, mpira ukaanza kulia juu ya saruji, naye akashuka hatua kwa hatua mpaka ndani ya feri.